Kisasili cha Asili na Historia ya Mali

Masimulizi ya Sundiata, mwasisi wa dola ya Mali katika karne ya 13, aliyoyachapisha Djibril Tamsir Niane mwaka 1960 kutokana na kauli ya manju Mamadou Kouyaté, yaliirejesha historia vinywani mwa wenyewe. Hata hivyo, kuirejesha si kuyasadiki yote. Nasaba inayouunganisha ukoo wa Keita na Bilali, mwadhini wa Mtume, haithibitishi asili yao. Inadhihirisha haja ya watawala Waislamu kuhalalisha mamlaka yao. Sogolon, mamake Sundiata, naye amebeba nguvu za nyati wa uganga wa kale. Mhakiki anayeshika urithi mmoja na kuutupa wa pili huipotosha Mali: katika masimulizi haya, ufalme umesimama juu ya yote miwili.