MTEGEMEA CHA NDUGU: UHAKIKI WA HOJA JUU YA BOMBA LA MAFUTA

Katika mafunzo ya siasa hapa Arusha tumeisikia mara nyingi hoja hii: Uganda ina mafuta, bomba linapita kwetu, basi uchumi wetu umekwisha kukomboka. Ni lazima tujikosoe, kwani hata sisi wakufunzi tumewahi kuirudia bila kuipima. Tuipime sasa.

Kwanza, tutazame mradi wenyewe. Uganda iligundua mafuta ya kutosha kwa biashara mwaka 2006. Mwaka 2017 serikali zetu mbili zilitia saini mapatano ya bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo katika ardhi yetu. Ada ya kusafirisha ni dola 12.77 kwa pipa. Shirika letu la TPDC lina hisa asilimia 15. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. Mapato hayo ni halali, wala hatuyadharau. Lakini mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli, na anayelipwa kwa pipa hulipwa pipa likipita tu.

Pili, tutazame maisha ya mwananchi wa chini ya Mlima Meru. Dizeli ya malori ya Namanga na petroli ya pikipiki zinazoshusha kahawa mlimani hupitia bandari ya Tanga, zikiwa zimesafishwa ng'ambo. Kiwanda cha TIPER cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1966 ili tusafishe wenyewe, leo ni ghala. Kwa hiyo pwani ile ile ya Tanga hutegemewa kutoa mafuta ghafi ya jirani na kupokea mafuta safi ya mgeni. Vita ya Ukraine ilipopandisha bei mwaka 2022, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Bomba la mafuta ghafi haliwezi kumkinga mkulima wetu na bei hiyo.

Tatu, hata mwenye visima hana salama. Sudan Kusini, mwenzetu katika Jumuiya yenye makao makuu hapa Arusha, ilifunga visima vyake Januari 2012 kwa ugomvi wa ada ya njia na Sudan. Karibu mapato yote ya serikali yake yalitokana na mafuta, yakakatika. Sudan nayo ikakosa ada. Wote wawili waliumia, kwa kuwa wote walikuwa wameegemea nguzo moja.

Je, tulikatae bomba? La hasha. Tunachokikataa ni fikra ya kukaa kitako tukingoja ada. Azimio lililopitishwa mjini hapa mwaka 1967 liliweka watu na ardhi mbele ya fedha. Basi kada akikutana na wananchi asiwaahidi neema. Aulize, na awafundishe kuuliza: ada hii inajenga mfereji gani, kiwanda gani, shule gani, vitakavyobaki visima vya jirani vikikauka?

Mtegemea cha ndugu hufa maskini, hata kama ndugu huyo ni mkarimu.