Bomba Halisafishi Kitasa

Yale magari ya kupulizia dawa dhidi ya korona, Aprili 2020, sote tuliyaona. Dar es Salaam, mchana, maji ya klorini yanarushwa juu ya lami, kwenye vituo vya daladala na kuta za maduka, na watu wamejipanga pembeni wanarekodi kwa simu. Nimeipitia tena kazi ile hatua kwa hatua na hukumu yangu haijabadilika: lilikuwa kosa la kiufundi, tena kosa la wazi. Ubaya wake haukuishia barabarani. Uliingia majumbani, na bado umo.

Tuuangalie uso wa lami uliopuliziwa. Klorini hupambana na uchafu wowote inaoukuta mwanzo, na nguvu yake huishia hapohapo. Vumbi na mafuta huimaliza kabla haijakifikia kirusi hata kimoja. Lami ya jiji letu ni vumbi mwanzo mwisho. Juu yake kuna jua la mchana, nalo huivunja klorini upesi. Kisha kuna muda: dawa hufanya kazi uso ukiwa umelowa, na matone yaliyotupwa kwa upepo hutua hapa yakaruka pale, yakakauka kabla ya kufanya lolote. Uchafu haukutolewa, uso haukulowa sawasawa, muda haukutimia. Masharti matatu ya kazi hii yalivunjwa kwa pamoja, na pampu ikaendelea kunguruma.

La nne ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni shabaha. Nani anashika lami? Abiria alishika chuma cha ndani ya daladala, akashika noti, akashika simu, akafika nyumbani akashika kitasa, swichi ya taa na koki. Mkono haukukutana na barabara popote katika safari hiyo. Dawa ilipelekwa mahali ambapo kamera ingeiona, na vyuma vya daladala vikaachwa na jasho la tangu alfajiri. Kwa fedha ya dawa ile, kituo kizima kingepata ndoo, sabuni, vitambaa na vijana wa kufuta vyuma kila gari linapogeuza.

Rais wa wakati ule, John Magufuli, aliikosoa hadharani kazi ile mwezi uleule. Katikati ya Mei, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: kupulizia barabara na masoko hakupendekezwi, na kumpulizia binadamu dawa hakufai katika hali yoyote, kwa sababu klorini huumiza macho, ngozi na njia ya hewa. Vile vibanda vya wakati ule vya kupitisha watu kwenye ukungu wa dawa vilistahili kung'olewa siku hiyohiyo. Lakini ndoo za koki na sabuni zilizowekwa milangoni zilikuwa kazi safi.

Na wala hili halikuwa fumbo jipya. Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alijaza vyumba vyake vya upasuaji ukungu wa asidi ya kaboliki katika miaka ya 1870 akiamini vimelea viko hewani. Alipoona hatari kubwa iko kwenye mikono na vyombo, aliiacha pampu, na mwaka 1890, mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin, akasema anaona aibu kuwa aliwahi kuipendekeza. Kabla yake, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa na klorini, dawa ileile ya magari yetu, katika hospitali ya Vienna. Hakuinyunyiza ukumbini. Aliwaamuru madaktari waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vya wanawake waliojifungua vikashuka kutoka zaidi ya asilimia 10 hadi karibu 2 katika miezi michache. Dawa ni moja. Shabaha ndiyo iliyookoa.

Sasa ingia nyumbani. Mama mwenye nyumba aliyeyaona magari yale naye kanunua chupa ya kupulizia. Anapiga fyu fyu kwenye kitasa, anafuta papo hapo, anaondoka. Ni bomba lile lile, limepunguzwa ukubwa. Kitasa chenye mafuta ya mkono huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni na kitambaa, kwa kusugua. Kwa siku za kawaida hiyo inatosha kabisa. Klorini iitwe kukiwa na mgonjwa ndani, au pakiwa pamechafuka kwa matapishi au kuhara. Jiki, yaani klorini ya dukani, ya asilimia 3.5 ni sehemu moja kwa sehemu 34 za maji ili kupata asilimia 0.1, ichanganywe siku hiyohiyo, na uso ubaki umelowa angalau dakika moja. Lebo nyingi hutaka hadi dakika 10. Damu na matapishi yanataka asilimia 0.5.

Nimeyaandika haya mara nyingi na nitayarudia. Tambara lililofuta kibao cha kukatia nyama lisiguse mpini wa friji. Tambara la chooni lisivuke mlango wa choo. Sponji inayonuka haisafishi chombo, inakipaka vimelea. Harufu ya limau haiui kitu. Matone mawili ya dawa kwenye ndoo nzima ya maji ni maji. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi: gesi inayotoka hapo huchoma mapafu.

Bwana afya wa zamani alikuwa anayajua haya bila gari wala pampu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakasimama wakachimba vyoo na kukausha madimbwi. Kila somo liliisha na kazi ya mkono. Mwaka 2020 watu walifanywa watazamaji.

Atakuja mtu kuniambia kuwa korona haikuenea sana kwa kushika vitu. Ni kweli, mwaka 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilikadiria kuwa hatari ya kuambukizwa kwa kugusa mara moja uso wenye kirusi ni chini ya 1 kati ya 10,000. Hoja hiyo inazidi kuishtaki pampu. Magonjwa ya kuhara ndiyo yanayopita kwenye mkono, koki na kibao cha jikoni, na hayo hayajaondoka. Ugonjwa wa Marburg nao umegonga mkoa wa Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025.

Kwa hiyo mlipuko ujao, afisa atakayeletewa karatasi ya kukodi magari ya kupulizia aikatae. Fedha hiyo inunue sabuni na vitambaa, na ilipe watu wa kufuta vyuma vya daladala na vitasa vya vyoo vya shule, kila siku, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani.