Mwenda Jean-Bosco: Mtu Mmoja, Vidole Viwili

Asikiaye kwa mara ya kwanza santuri ya "Masanga" huuliza: Wapiga gitaa ni wangapi hapa? Wawili, au watatu? Kumbe ni mtu mmoja tu, na gitaa moja, na vidole viwili vya mkono wa kuume. Mtu huyo ni Mwenda Jean-Bosco, aliyefariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari katika nchi ya Zambia. Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini deni letu kwake twaona bado halijalipwa.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, kwa Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akaitia sauti yake katika santuri. Sifa zake zikafika Nairobi, na vijana wa Kenya wakaanza kujifunza mapigo yake. Mwaka 1969 alipiga mbele ya umati wa watu huko Newport, Marekani.

Labda msomaji wa Kasongo au Kabambare atasema: Huyu si mtu wa Maniema, yatuhusu nini? Yatuhusu. Aliimba kwa Kiswahili, tena si kile cha vitabuni, bali kile cha kambi za wafanyakazi, ambako watu wa makabila mengi walikutana, na wa kwetu walikuwamo. Alionyesha kwamba lugha hiyo ya kazi na ya soko yafaa kwa jambo zuri.

Sasa tupime kazi yake kwa haki. Wako wasemao kwamba maneno ya nyimbo zake hurukaruka, hayafuati hadithi moja. Ni kweli. Lakini sikilizeni vidole. Kidole gumba chatembea chini bila kuchoka, kama mguu wa msafiri. Kidole cha shahada chacheza juu, mara chatangulia, mara chachelewa, wala hakipotei njia. Tena kila ubeti aliugeuza kidogo, asiurudie ulivyokuwa. Hadithi i humo. Mtaalamu David Rycroft aliona vema kuandika mapigo hayo noti kwa noti, akayachapisha kuanzia mwaka 1961.

Wazazi wengine husema gitaa ni njia ya kwenda baa. Hatutaki kuficha: nyimbo za Mwenda si sala, na nyingine ni za mapenzi na maisha ya mjini. Lakini chombo hakina dhambi. Jembe laweza kulima, laweza na kuumiza. Yeye mwenyewe aliitwa kwa jina la Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, ambaye hakuwanyima muziki wala michezo. Na uvumilivu wa kufundisha vidole viwili kufanya kazi ya watu watatu, je, si fadhila?

Jambo moja latuumiza. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi, akaketi karibu na Mwenda ili ajifunze. Alivuka bahari kwa ajili ya elimu iliyokuwa mlangoni petu. Na vijana wetu? Wengi wanapenda gitaa la umeme na kelele zake, na hatuwalaumu. Lakini pigo la gumba na shahada halikai kitabuni. Hukaa mkononi mwa mtu, na mtu akifa bila mwanafunzi, laenda naye kaburini.

Basi, tumwombee marehemu pumziko la milele. Kisha tufanye na jambo la pili: katika mtaa wenu, kama yuko mzee ajuaye kupiga hivyo, mpelekeeni mtoto mmoja, leo angali hai. Sifa hiyo itampendeza Mwenda kuliko hotuba zetu.