Maimuna na Nyumba Mbili: Maelezo juu ya Riwaya ya Utengano

Desturi ya kumweka mwanamke ndani haikuwa ya pwani peke yake. J. H. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 na kupokewa na Mfalme Rumanyika, katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, aliwakuta wanawake wa jamaa ya kifalme wakinyweshwa maziwa majumbani hata wakanenepa wasiweze kusimama. Unene huo ulikuwa heshima, lakini heshima ya nyumba kwanza, kisha ndiyo ya mwenye mwili. Waandishi wa riwaya za Kiswahili wameigeuza desturi ya namna hii kuwa swali: binti asiyeonyeshwa ulimwengu ataukabili kwa silaha gani?

Katika Rosa Mistika (1971) Euphrase Kezilahabi alilijibu swali hilo kwa huzuni. Zakaria wa Ukerewe, mlevi, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapokuwa mbali na fimbo ya babaye, hofu aliyofunzwa haigeuki kuwa busara. Anapotea, na mwisho anajiua.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), amekwenda mbele zaidi. Maimuna amefungiwa ndani na Bwana Maksuudi ili asiharibiwe na watu wa nje. Lakini mhalifu wa kwanza katika riwaya hii ni Maksuudi mwenyewe, aliyemdhulumu Mwanasururu mali yake. Kuta zile hazikumtenga binti na uovu. Zilimtenga na maarifa ya kuutambua. Kwa hiyo Bi Farashuu, mama yake Mwanasururu, anapotafuta kisasi, hahitaji nguvu. Anampata msichana asiyejua kupima maneno ya mtu, na safari inafika katika danguro la Mama Jeni.

Hapa ndipo ilipo hoja yenye uzito kupita zote katika riwaya. Danguro si kinyume cha nyumba ya Maksuudi, bali ni ndugu yake. Kote kuwili mwili wa Maimuna una msimamizi, na thamani yake hukadiriwa na mwingine: baba kwa sifa ya ukoo, Mama Jeni kwa fedha. Hata hivyo tofauti ipo. Katika danguro Maimuna anajifunza kujibu, kukataa na kuwajua watu kwa matendo yao. Elimu hiyo ni chungu, naye anailipia kwa afya na heshima. Walakini ndiyo inayomwezesha, tofauti na Rosa, kubaki hai na hatimaye kuolewa na Kabi huku akijua atendalo.

Kasoro moja haina budi kutajwa. Kisasi cha Bi Farashuu kimepangwa kwa ustadi mno, hata msomaji aweza kumtwika bibi kizee lawama zote na kuiachilia huru nyumba iliyomlea binti. Lakini asiyejua njia hupotezwa na yeyote amwelekezaye. Pasingalikuwa na Farashuu, angalitokea mwingine.

Basi riwaya hii haisifu maisha ya danguro, wala haiwaombei radhi wakaao humo. Inamdai mlezi hesabu: hifadhi isiyoambatana na maarifa humwandaa mtoto kwa yule yule anayehofiwa.