Nyanya Hakuwa Dirishani

Ukisoma hadithi za lokidauni zilizoandikwa na rika letu, utakutana na nyanya yuleyule. Amekaa dirishani. Simu iko mapajani na hailii. Anamsubiri mjukuu aliyekwama Nairobi. Mwishoni, ama simu inalia, ama nyanya anakufa. Nimezisoma nyingi. Enyewe, nyingine ni kali sana. Lakini bado nina ugomvi na hilo dirisha.

Lilitoka wapi? Nadhani tulilitoa kwenye picha za 2020 kutoka Italia na Uingereza: mzee yuko ndani ya nyumba ya kutunzia wazee, mwanawe yuko nje, viganja vyao vimekutana kwenye kioo. Huko picha hizo zilikuwa za kweli. Wazee wengi wa Kenya, hata hivyo, hawaishi katika nyumba kama hizo. Wako ushago kwenye boma lenye watu, au mtaani pamoja na watoto wao. Sisi tulikopa huzuni ya wengine tukaifunga leso.

Kumbuka mambo yalivyokwenda. Tarehe 6 Aprili 2020, saa moja jioni, Nairobi ilifungwa. Siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Tukaambiwa tusiende ushago, tusije tukawapelekea wazee ugonjwa. Onyo hilo lilikuwa na msingi, kwa sababu korona iliwaua wazee kuliko vijana. Lakini itazame sentensi yenyewe. Sisi ndio tunaokwenda, tunaopeleka, tunaolinda. Mzee hatendi chochote, anatendewa tu. Fasihi yetu iliichukua sarufi hiyo kama ilivyo, haikuiuliza swali hata moja.

Sasa uliza mzee huyo alikuwa akifanya nini. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Zaidi ya miezi tisa! Nani alikaa na watoto? Katika maboma mengi ni shosho. Watu wa mjengo na wa hoteli walipopoteza kazi mjini, pesa za kutuma nyumbani zilipungua, na sufuria ya ushago ikabaki ileile huku midomo ikiongezeka. Ni kweli kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure kuanzia Machi hiyo, lakini bure haimsaidii asiye na cha kutuma. Aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa Inua Jamii alikuwa na shilingi 2,000 kwa mwezi, zikifika. Piga hesabu hiyo ukiwa na wajukuu wanne. Nyanya wa aina hii hana saa ya kukaa dirishani.

Kuna andiko jingine la wakati huo ambalo mimi hulisoma kama hadithi fupi, nalo ni masharti ya kufungua nyumba za ibada Julai 2020. Watu wasizidi 100. Ibada isizidi saa moja. Walio chini ya miaka 13 wabaki nyumbani, na waliopita miaka 58 pia. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Kwa hiyo mtu wa miaka 59 alikuwa hajafikia umri wa kustaafu, ila tayari alikuwa mzee mno wa kuingia kanisani. Tena akawekwa fungu moja na watoto. Mfikirie aliyezoea safu ya kwanza msikitini, au yule anayeombwa kufungua maombi kila mkutano, sasa anaambiwa abaki na wajukuu. Hadithi ya mtu huyo kushushwa cheo ndiyo niliyotaka kusoma. Upweke tayari tumeuandika hadi ukachuja.

Mazishi nayo yaliwekewa mpaka wa watu 15. Mzee ndiye anayejua marehemu alikuwa nani, alidaiwa nini, na ardhi inapakana wapi. Akikosa kufika, kuna maneno ambayo hayasemwi tena. Na Mji wa Kale, Mombasa, ulipofungwa tarehe 6 Mei 2020 pamoja na Eastleigh, ilikuwa katikati ya Ramadhani. Baraza za nje ya nyumba ndipo wazee wanapokunywa kahawa, wanapobishana, wanapomsahihisha kijana aliyekosea mizani ya shairi. Sisi wapenzi wa fasihi tulipaswa kulia kwanza, maana kilichofungwa pale kilikuwa pia chuo chetu.

Yuko mzee aliyejisemea mwenyewe. Machi 2020 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa na miaka 82 huko California, aliandika shairi “Dawn of Darkness”. Anataja vitu tulivyokuwa karibu kunyang'anywa, kama kushikana mikono na kukumbatiana, kisha anageuka na kutusuta kwa majivuno yetu na tunavyochafua mazingira. Haombi huruma. Anakaripia, halafu anatuliza, kama mzee afanyavyo kikaoni. Ukilisoma baada ya hadithi za dirisha, unashtuka kusikia mzee ana hasira. Lakini Ngũgĩ alikuwa na kalamu na wasomaji dunia nzima. Dani wa Siaya na bibi wa Mji wa Kale wanatutegemea sisi, na sisi tumewapa kiti na dirisha.

Kafyu iliisha tarehe 20 Oktoba 2021. Wanaoweza kusimulia wanaendelea kuondoka, na Ngũgĩ mwenyewe alituacha Mei 2025. Kwa hivyo ukienda ushago Desemba, usimuulize nyanya alijisikiaje wakati wa korona. Atakuambia Mungu ni mwema, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize alikuwa akilisha watu wangapi. Muulize alikopa unga kwa nani. Muulize ni nani alizikwa bila yeye kuwepo, na angesema nini pale kaburini kama angeruhusiwa.