Uwanja usio na ukuta: mgeni na mafahali wa Kakamega

Mkazi wa Kalimoni, hapa Juja, anaweza kufuga ng'ombe miaka na mikaka asikutane na fahali uso kwa uso. Huku kwetu ng'ombe wa maziwa hukaa bandani, hukatiwa nepia, na siku akipandwa na joto hupigiwa simu daktari wa mifugo aje na mtungi wake wa mbegu. Dume hana kazi tena. Kwa hiyo mtu wa Juja au Ruiru anapopanda basi la usiku kwenda Kakamega kutazama mafahali wakipigana, namhofia kuliko kijana wa mjini ambaye hajawahi kushika hata kamba ya ndama. Yule wa mjini anaogopa. Huyu wetu anadhani ng'ombe anamjua.

Mchezo wenyewe ni wa jamii za Waisukha na Waidakho, na viwanja kama vya Malinya, Shinyalu na Khayega vinajulikana kwao tangu zamani. Huanza asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, kwa sababu fahali akishikwa na joto huchoka upesi. Hatari ya kwanza iko barabarani, saa ambayo mgeni anadhani bado mambo hayajaanza. Fahali husindikizwa kutoka nyumbani kwa ngoma za isukuti, zile ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mashabiki hukimbia mbele yake na ubavuni, filimbi na vuvuzela zikilia, na njia ya kijijini mara nyingi ina ua wa miti huku na huku. Akishtuka hapo, huna pa kuchepukia. Jitoe njiani mapema, acha msafara wote upite, kisha ufuate nyuma ya watu wa mwisho. Kukimbia mbele ya fahali waachie waliomlea.

Uwanjani hakuna ukuta. Kinachowazunguka mafahali ni watu, na duara hilo la watu hupanuka na kusinyaa kila dakika. Hapa ndipo ufundi wa wenyeji ulipo. Mafahali hawapiganishwi hadi kufa. Anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Maana yake ni kwamba kila pambano, kwa kanuni zake zenyewe, huishia kwa mnyama wa mamia ya kilo kutafuta upenyo katikati ya watazamaji, na mwenzake aliyeshinda yuko nyuma yake anamfukuza. Pembe zikiwa zimeshikana, wale wawili wana shughuli yao na hawakujali. Pembe zikiachana, kimbia.

Lakini ukingoja ziachane umechelewa. Mwenyeji huangalia kwato za nyuma. Fahali anayezidiwa huanza kurudi kinyumenyume, kwato zinateleza na kuchimba nyasi, kiuno kinapinda upande mmoja. Wakati huo wazee wa uwanja wameshaanza kusogea, nawe unajiuliza kwa nini nafasi nzuri imebaki wazi mbele yako. Chora akilini mstari unaopita kwenye migongo ya mafahali wote wawili: walio nyuma ya mkia wa yeyote kati yao wako njiani, walio ubavuni wana nafuu. Na kwa kuwa wapiganaji huzunguka, nawe zunguka. Kabla ya yote, chagua mti mnene au lori la kujificha nyuma yake, na usiende mbali nalo. Fahali akija kwako, kata kwa pembeni. Mbio za moja kwa moja humshindi.

Shati jekundu lisikusumbue. Ng'ombe haoni wekundu kama sisi; kinachomchokoza ni mwendo wa ghafla. Anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo kumnyatia kwa nyuma ili upate picha ni upumbavu. Akikugeuzia ubavu, akainamisha kichwa na kuparura ardhi, amekwisha kukuonya.

Wengi hujiandaa kwa kutazama video za Pamplona, Uhispania. Kule mafahali hukimbizwa kwa takriban mita 875 za mitaa ambayo sehemu zake zimezungushiwa ua wa mbao wa safu mbili, walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, na bado watu wasiopungua 16 wamekufa tangu 1910. Somo moja la kule linafaa hapa: ukianguka, lala, ziba kichwa kwa mikono, usiinuke hadi mnyama apite. Mwaka 1995 kijana Mmarekani alianguka, akainuka, na pembe ikamkuta amesimama. Mengine hayafai, kwa sababu kule barabara ndiyo inayomwamulia fahali pa kwenda. Pemba, kwenye mchezo wa ng'ombe, kazi hiyo hufanywa na kamba ndefu aliyofungwa mnyama. Kakamega anaamua mwenyewe.

Na usijipe moyo eti huyu ni mpole, analishwa kwa mkono. Januari 2024 Inasio, fahali wa Seneta wa Kakamega Boni Khalwale, alimuua mtunzaji wake wa miaka mingi, na seneta akamuua fahali huyo kwa mkuki kwa kufuata mila. Ikiwa aliyemlisha kila siku hakusalimika, salamu yako ya dakika moja haina uzito.

Mchezo huu unastahili safari ya takriban kilomita 400, na simwambii mtu abaki nyumbani. Vaa viatu vya kufungwa, maana nyasi za asubuhi zina umande na zinateleza. Pombe ingoje jioni. Simu itoe pembe zikiwa zimeshikana, uirudishe mfukoni kwato zikianza kuteleza. Watoto wapandishe juu ya lori. Usipopata lori, waache kwa bibi yao.