Karatasi za Utafiti Kuhusu Waskoti wa Mto Cape Fear: Namna ya Kuzipima

Karatasi za utafiti kuhusu Waskoti wa mto Cape Fear, jimboni North Carolina nchini Marekani, hupimwa kwanza kwa tarehe. Kundi kubwa la kwanza, watu wapatao 350 kutoka Argyll, Uskoti, lilifika mwaka 1739. Vita vya Culloden, ambapo waasi wa Uskoti walishindwa, vilipiganwa Aprili 1746. Mtafiti anayeandika kwamba walowezi hao wa mwanzo walikuwa wakimbizi wa Culloden amenakili masimulizi bila kufungua hati, na miaka hiyo 7 inatosha kumuumbua. Mwanahistoria Duane Meyer, katika kitabu chake cha 1961, alionyesha kuwa hata waliofuata walisukumwa zaidi na kodi za mashamba zilizopanda na watu kuongezeka vijijini.

Kalenda nayo ina mtego wake. Hadi 1752 mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ombi la Waskoti hao lililofika katika bunge la koloni Februari 1739 ni la Februari 1740 kwa hesabu ya leo. Kadi ya kumbukumbu ya mtafiti iliyoandikwa “Februari 1739/40” imetoka kwa mtu anayeijua kazi. Iliyoandikwa “1739” tupu itamfanya msomaji adhani ombi lilitangulia meli iliyowaleta.

Kisha majina, na hapa ndipo wengi hukwama. Walowezi wa akina McNeill na Campbell walirithishana majina machache tu: Neill, Hector, Archibald. Kadi yenye jina na idadi ya ekari pekee haifai kitu, hata mwandiko ukiwa wa kupendeza. Inayofaa hutaja kijito kilichopakana na shamba, mke, na mashahidi waliotia saini.

Mto wenyewe usifanywe pambo. Ngano iliyokusanywa Cross Creek, leo sehemu ya Fayetteville, iliteremka hadi Wilmington. Lami ya misonobari nayo ilipita mto huohuo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Waafrika waliotumikishwa utumwani, na wosia za Waskoti huwataja pamoja na ng’ombe na vyombo. Mkusanyiko uliojaa nasaba na orodha za makanisa lakini hauna wosia hata mmoja wa namna hiyo ni nusu ya kazi.

Mkutubi anayepokea makasha ya karatasi za aina hii achomoe kadi chache bila kuchagua, azilinganishe na hati za ardhi zilizohifadhiwa Raleigh. Zisipolingana, asiyalipie.